Kamba ya Upinde wa Saruni

Kosa langu kubwa la mwanzo katika kazi hii lilikuwa kukaza. Nilikaza upote, yaani kamba ya upinde, kwenye kinyago ambacho kilitakiwa kuwa na kamba iliyolegea, na hivyo nikampelekea mama mzee mwanawe akiwa tayari kuua. Nalitaja mapema kwa sababu najijua. Nikianza kuzunguka sitafika.

Ninyi wachongaji mnaobaki mezani mliniomba niache neno kabla sijaondoka. Lemburis anasema nimestaafu, na kila akilisema neno hilo anacheka, maana sina hata mvi moja. Ukweli ni kwamba baba amechoka, kahawa yetu ya Makumira inataka mikono, na mimi ndiye mikono iliyopo. Habari za nani alipanda cheo na nani alilipwa nini hamtazipata hapa. Vyeo havikuwepo. Bwana Hirji, mwenye duka, alikuwa dukani mbele, sisi tulikuwa karakanani nyuma, na katikati palikuwa na pazia.

Kuchonga sikufundishwa na mtu. Baba alipopogoa mibuni, mimi niliokota matawi. Mti wa kahawa ni mgumu na mwororo kwa pamoja. Ukichonga pua ndogo inakaa, haimeguki kama miti mingine. Nilichonga watu warefu kama kidole changu cha kati, nikawaficha juu ya dari pamoja na mbegu za mahindi, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na kasoro na niliona haya. Mama ndiye aliyewashusha. Aliwaweka ndani ya kikapu, akawafunika kwa ndizi, akaniambia, "Nenda nao mjini. Wakikucheka, uza ndizi."

Bwana Hirji hakucheka. Alimgeuza mmoja mbele ya dirisha, akamgeuza tena, akaniambia, "Kaa pale." Pale palikuwa na sanduku la chai, kando ya mtu mpana wa mabega aliyekuwa akichonga kifaru. Huyo ndiye Lemburis, Mwarusha wa Olasiti, fundi wa wanyama. Kwa miaka yote niliyokaa naye hakuwahi kukubali kuchonga mtu. Alisema watu wana maneno mengi.

Siku yangu ya kwanza niliimaliza kwenye sikio. Nililichonga, nikalikwangua kwa kipande cha chupa, nikaliona limekuwa dogo, nikalazimika kupunguza la pili ili yalingane, kisha la kwanza tena. Jioni Lemburis alisogeza kichwa akaangalia.

"Wewe Mmeru," akasema, "huyo mtu amekukosea nini?"

"Hajakaa sawa, mzee."

"Alikuwa na masikio asubuhi. Nilimwona mwenyewe. Sasa atasikia kwa kitu gani?"

Niliona aibu hadi tumbo likauma. Tumbo hilo mtalisikia tena humu, kwa sababu lilikuwa nami kazini kila siku. Lilianza kuuma kila mteja aliposogeza pazia, na liliuma zaidi mteja alipofurahi, maana niliamini hajaangalia vizuri. Vinyago nisivyoviamini nilivisukuma chini ya meza. Bwana Hirji alipouliza kazi iko wapi, nilisema bado inakauka. Lemburis alikuwa akipiga chini ya meza kwa mguu na kuuliza, "Hawa wa huku wamefungwa kwa kosa gani?"

Wazungu waliopita Arusha kwenda kuwinda walipenda mtu mwenye upinde. Kabla sijafika, karakana ilikuwa ikifunga uzi wa cherehani na kuuita upote. Kwa mbali unapendeza. Kwa karibu, uzi una manyoya, na ukiulinganisha na mwili wa yule mtu mdogo, ungedhani amebeba kamba ya kufungia fahali. Hilo lilinikosesha raha. Nikaamua upote utakuwa kazi yangu.

Nitawaambia niliyojifunza, kwa sababu yalinigharimu. Uzi wa pamba upitisheni juu ya moto wa mshumaa haraka, manyoya yaungue, kisha uvuteni ndani ya nta ya nyuki iliyochanganywa na masizi. Unafaa kwa upinde ulioning'inizwa begani. Unyuzi mmoja wa mkonge unang'aa vizuri, lakini ukiupinda unakatika. Kano la mgongo wa ng'ombe ndilo lenyewe, ndilo watu wanaloliweka kwenye pinde za kweli. Mnalilowesha, mnalipasua kwa ukucha, mnalisokota juu ya paja. Ila msilifunge likiwa bichi. Mimi nililifunga bichi, likakauka usiku, likajivuta, na asubuhi nikakuta pinde zote zimekatika katikati na watu wangu wadogo wameshika vijiti. Lemburis alisema wameamua kulima.

Baada ya hapo nililiogopa kano. Nikahamia kwenye unywele wa mkia wa ng'ombe. Huo ni mwembamba, mweusi, hauna manyoya, na ukiufunga kwa fundo dogo na tone la gundi ya ngozi, ukaukaza hadi mwisho, ukiugusa kwa ncha ya sindano unalia. Ni sauti ndogo sana. Mtu mwingine asingeisikia, lakini mimi niliinama kuisikiliza kila nilipomaliza kinyago, na ndiyo sauti pekee iliyolituliza tumbo langu. Na mtu akiwa amevuta, kumbukeni kamba lazima ikunjike katikati na kufika vidoleni. Nimeona kazi za watu wengine ambako kamba imenyooka mbele na mkono uko sikioni, mtupu. Huyo anavuta hewa.

Basi, nilikuwa nimefika hapo, nikijiona nimeshaujua upote, siku Mama Naserian alipokuja.

Hakupita dukani. Alikuja kwa mlango wa nyuma, mwanamke mrefu mwenye shuka la buluu na kibuyu cha maziwa mgongoni, akauliza ni nani anayechonga watu. Lemburis hakuwepo. Alikuwa ameomba ruhusa kwenda nyumbani Olasiti kwa tohara ya mwanawe. Naandika hivyo ili mjue alikuwa wapi, si ili nimlaumu.

Mama Naserian aliketi kwenye sanduku la Lemburis. Mumewe, Saruni, alichukuliwa keya, jeshi la Mwingereza, akapelekwa vitani Bama, ng'ambo ya bahari. Hakurudi. Waliletewa habari na mfuko wa vitu vyake, basi. Picha hakuwahi kupiga. Mama yake Saruni alikuwa hai bado, mzee sana, na macho yake yalikuwa yamekwisha.

"Macho yalipokwisha hakulalamika," akasema. "Alisema Saruni anamjua kwa mikono. Lakini juzi amenishika mkono akaniambia mikono nayo imeanza kumsahau. Analitafuta bega lake hewani, hivi. Halipati."

Alinionyesha. Mkono ulipanda, ukashika kitu kisichokuwepo, ukashuka.

"Nichongee mtu amshike," akasema. "Mtu na upinde wake. Mrefu. Amepiga goti."

Nikamwuliza uso, urefu wa shingo, masikio yaliyotobolewa. Nikauliza kidevu. Niliuliza mambo mengi sana, mpaka akacheka, "Mwanangu, hukuolewa naye wewe!" Jambo moja sikuuliza. Sikuuliza upinde ni wa nini. Sisi Makumira ng'ombe anakaa zizini chini ya migomba na kuletewa majani, na upinde nilikuwa naujua kwa wawindaji tu. Na kupiga goti nilikuwa nimekuona mahali pamoja, uwanjani karibu na boma la serikali mjini, askari wa keya walipofanya mazoezi, goti moja chini, bunduki begani. Mtu alikuwa askari. Amepiga goti. Kichwani mwangu habari ikawa imekamilika.

Nilimchonga Saruni kwa kipande kizuri kuliko vyote nilivyokuwa navyo. Nikampa upinde mrefu, akiwa ameuvuta, mshale umekaa kidoleni. Kwa kamba nilichagua unywele mwembamba kupita wote, nikaukaza, nikausikiliza ukilia. Kwa mara ya kwanza tangu niingie karakanani sikutaka kumsukuma mtu chini ya meza.

Nilimpeleka mwenyewe. Mama Naserian alinisubiri njiani, tukaingia boma lao Olasiti. Bibi alikuwa ameketi kwenye ngozi mbele ya nyumba. Koko, walimwita, kama Waarusha wanavyomwita bibi. Niliinamisha kichwa, akakigusa, kisha akakishika kwa muda kuliko ilivyo desturi. Nadhani alikuwa akinipima.

Nikamweka Saruni mikononi mwake.

Alianza na kichwa. Akapita shingoni, akashuka begani, na hapo alisimama. Alilizungushia bega kidole gumba mara nyingi, na midomo yake ikawa inasema kitu bila sauti. Mama Naserian alifunika mdomo kwa shuka. Mimi nilijisemea, imekuwa.

Kisha mkono ulikwenda kwenye upinde. Kidole kilipita kando ya kamba bila kuiona. Kikarudi, kikapita tena. Unywele ule niliouchagua kwa sababu jicho haliwezi kuudharau ulikuwa mwembamba mno kwa kidole cha mtu mzee aliyelima maisha yake yote. Mara ya tatu ukucha wake uliugonga. Ukalia.

Koko aliacha kusogeza vidole. Akasema kitu kwa Kimaa, lugha yao, taratibu. Mama Naserian hakutafsiri.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Hakuna. Amechoka."

"Mama, tafadhali."

Akatazama chini. "Anauliza ng'ombe yuko wapi."

Sikuelewa. Koko akaongea tena, safari hii akinigeukia mimi, na maneno machache ya Kiswahili aliyokuwa nayo akayatoa yote. "Hii ya kuua. Saruni yangu hapana kuua. Saruni yangu damu ya ng'ombe, maziwa, mimi nashika kibuyu." Akakiweka kinyago juu ya ngozi, mbali kidogo na mguu wake, kwa upole, kama unavyomweka mtoto wa jirani. "Wazungu walimpeleka vita. Wewe tena?"

Mama Naserian alinisindikiza hadi njiani. Aliniambia nisijali, kazi ni nzuri, mtoto atachezea. Kutoka Olasiti hadi mjini nilitembea nikiwa na hamu ya kuomba radhi kwa kila mtu niliyekutana naye.

Lemburis aliporudi nilimweleza yote. Alicheka hadi akajifuta macho. "Mmeru wa ndizi! Umempa upinde wa vita mtu wa kutoa damu!" Kisha akaona sura yangu. Akachukua kisu chake, akakiangalia, akakirudisha. "Saruni nilimjua," akasema. "Tulichunga pamoja. Ningekuwepo ningekuambia. Lakini, kusema kweli, labda nisingekuambia. Ningedhani unajua. Kuna mtu asiyejua?"

"Mimi."

"Basi kesho twende."

Alinipeleka kwao, na huko niliona jambo ambalo majirani zangu wa upande wa pili wa mlima wamelifanya siku zote nami sijaliona. Walimshika ng'ombe dume kijana pembe na mkia. Wakamfunga ukanda wa ngozi shingoni, mshipa ukavimba. Ndugu yake Lemburis akapiga goti, karibu kabisa, hatua moja tu. Upinde ulikuwa mfupi, wa hovyo kwa macho yangu, na kamba yake imelegea kama ya kuanikia nguo. Mshale ulikuwa na pete ya uzi nyuma ya ncha ili usizame. Akavuta kidogo, akaachia. Ulisikika mlio mfupi mzito, na damu ikaruka ndani ya kibuyu alichokishika mwanamke aliyeinama kando. Wakalegeza ukanda, wakaziba kitobo, na yule ng'ombe akaenda zake kula majani, akiwa na hasira kidogo tu.

"Kamba ikikazwa?" nikauliza.

"Unamtoboa upande wa pili. Unakula nyama siku ambayo hukupanga kula nyama."

Wakanipa upinde nijaribu kwenye mti. Kamba ilinichapa mkono nikaruka. Wanawake wakacheka vizuri.

Nilimchonga Saruni wa pili, na kazi ngumu sasa ikawa kulegeza. Mtaona ajabu, lakini kamba iliyokazwa inajishikilia yenyewe, wakati iliyolegea ina njia nyingi za kuonekana kama kosa. Unywele ulijikunja kama mkia wa nguruwe. Uzi wa nta ulisimama kama fimbo. Ikabidi nirudi kwenye kano nililokuwa nikiliogopa. Safari hii nililisokota nene kuliko jicho langu linavyotaka, kwa kidole cha Koko. Nikalitundika ukutani na kokoto limelivuta chini, likauke likiwa limekwisha kujivuta. Likishakauka nililowesha ncha mbili tu kwa ulimi nikafunga mafundo, katikati nikapaacha pajishushe penyewe. Lilining'inia kama lilivyotakiwa.

Kisha nikamwuliza Mama Naserian swali nililopaswa kuanza nalo. Saruni alipokuwa akitoa damu, Koko alikuwa akisimama wapi?

"Hapo hapo," akasema. "Saruni akishapiga, Koko ndiye anaingia na kibuyu. Saruni anashusha upinde na kumwangalia mama yake, asimwage."

Basi sikumchonga akivuta. Nilimchonga akiwa ameshapiga, upinde umeshuka kwenye goti, uso umeinuka kwa mtu anayekuja. Lemburis, bila kuombwa, akachonga ng'ombe. Alimpa nundu kubwa na sikio moja lililokatwa, akasema ng'ombe wa kina Saruni alikuwa hivyo.

Na hapo mwisho kabisa nilikaribia kuharibu. Fundo la juu lilionekana. Lilikuwa nene, limekaa kama kinundu kwenye ncha ya upinde, nami siwezi kulala na kitu cha namna hiyo. Nilichukua kisu kulikata nilifunge upya. Lemburis aliniwekea kiganja chake juu ya mkono.

"Acha."

"Linaonekana, mzee."

"Kwa nani?"

Nikakiweka kisu chini. Alimchukua Saruni, akamfunga ndani ya kitambaa pamoja na ng'ombe, akatangulia mlangoni.

Koko hakutaka kumshika mara moja. Alikuwa amekunja mikono. Lemburis alimsalimia kwa jina la ukoo, akamwambia maneno mengi nisiyoyajua, ndipo Koko akafungua kiganja kimoja. Nikamweka ng'ombe kwanza. Akapata nundu, akapata lile sikio, akaguna. Kisha Saruni. Alipita bega haraka safari hii, kama mtu aliyekwisha kubisha hodi na sasa anaingia ndani. Akafika kwenye goti, akapata upinde umelala, akapanda nao hadi juu, kidole kikakutana na lile fundo na kulishika. Kutoka hapo kiliifuata kamba yote bila kuipoteza. Akaibonyeza katikati. Ikakubali.

Aliibonyeza tena. Akacheka, sauti ya msichana kabisa, na mkono wake wa pili ukatoka kwenye shuka, ukajikunja kama umeshika kitu cha mviringo, ukasogea chini ya shingo ya ng'ombe na kusubiri. Aliongea na kinyago. Mama Naserian alianza kunitafsiria, akashindwa. Lemburis ndiye aliyemalizia, akiangalia mbali upande wa mlima: "Anamwambia polepole, kibuyu hakijajaa."

Hatukukaa sana. Mama Naserian alitutilia maziwa, tukanywa tumesimama. Tumbo langu halikuuma. Tulipoondoka Koko alikuwa bado amekishika kibuyu chake cha hewani, na Naserian, mtoto ambaye baba yake alimwacha hajatambaa, alikuwa amelala kifudifudi kwenye ngozi akimwangalia yule mtu mdogo usoni kutoka chini.

Niliyoyaandika hapa si maarifa makubwa. Kano likauke kwanza, uzi upite motoni, kamba ifike vidoleni. Hayo mtayapata hata bila mimi, kwa kuvunja pinde kama nilivyovunja. Nimebaki na woga wangu. Hadi wiki hii bado nimekwangua sikio moja kupita kiasi, na Lemburis ameniona.

Lakini zamani nilifunga kamba nikiwa peke yangu, nikampelekea mtu kitu kilichokwisha. Tangu Saruni wa pili, nauliza kwanza upinde ni wa nini, na kamba naifunga mwisho, mwenye kinyago akiwepo, nikimpa aiguse kabla gundi haijakauka.